Kati ya Ghorofa ya Tatu na ya Nne

Fundi Sikio hakupewa jina hilo kwa ukubwa wa masikio, ingawa nayo hayakuwa madogo. Mafundi wenzake walimwita hivyo kwa sababu alikuwa akiingia kwenye chumba cha mashine cha jengo lolote lenye lifti, anasimama katikati, anafumba macho, na kabla hujamaliza kumsalimia ameshakwambia lifti yako inaumwa nini. Breki zimelika. Beringi ya juu imekauka. Mlango wa ghorofa ya pili haukai sawasawa. Hakuwa akikosea, na ndiyo maana kampuni ilimkabidhi majengo yote ya katikati ya mji, na wenye majengo wakaapa kwamba fundi mwingine hawamtaki hata kwa dawa.

Sifa ni tamu, jamani. Mtu akizizoea anaweza kuzifanya chakula. Fundi Sikio alizila asubuhi, akashushia mchana, na jioni akarudi nyumbani hana hamu ya kula kingine. Alikuwa na simu mbili, moja ya kazi na moja ya nyumbani. Ya kazi ikilia, aliruka kama aliyekanyaga moto. Ya nyumbani ikilia, aliitazama kwanza, kisha akajibu neno lake lile lile, "Nakuja." Mkewe alikuwa anajua kwamba neno hilo kwa kinywa cha mumewe linaweza kumaanisha jioni, kesho, au ukisubiri sana utazeeka.

Hata akiwa mezani na wanawe hakuwa nao. Binti yake mkubwa aliwahi kumsimulia kisa kirefu cha darasani, kina mwanzo na mwisho na watu wa kuchekesha, na alipomaliza baba mtu akasema friji lao lina mlio ambao haupendi. Binti alinyanyuka na sahani yake. Usingizi nao ulikuwa umemkimbia, na daktari alikwisha mwonya kuhusu presha. Fundi Sikio alimsikiliza daktari kwa heshima zote, akamshukuru, na wakati wa kutoka akamwambia lifti ya hospitali yake inahitaji mafuta.

Kazini alikuwa na sheria moja ambayo mafundi wake waliijua kuliko majina ya watoto wao. Mlango wa lifti haufungwi kitasa kipya mpaka yeye awepo, ausikie unavyojifunga, aseme haya. Waya wangeweza kubadilisha, taa wangeweza kubadilisha, lakini milango ilikuwa yake. Msaidizi wake mkuu, mwanamke mmoja mwenye miaka mingi katika kazi hiyo, aliyeitwa Bi Grisi kwa sababu grisi haikuwahi kumtoka kwenye kucha, alikuwa amefunga vitasa visivyo na idadi huku mkuu wake amesimama pembeni ameinamisha kichwa. Hakuna hata kimoja alichowahi kukosea. Alikwisha mwambia mara kadhaa kwamba sheria ile inachelewesha kazi, na mkuu wake akajibu kwamba lifti ni roho za watu. Jibu hilo ni gumu kulipinga, na Fundi Sikio alilitumia kama mtu anayejua hivyo.

Sasa njoo kwa mkewe. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke wa maneno machache, ambaye wanafunzi wake walimwogopa mwanzoni na kumlilia akihamishwa darasa. Ofisi ya elimu ilikuwa imemteua awe mkuu wa shule ya bweni iliyo nje ya mji. Alikuwa ameitaka nafasi hiyo tangu alipoanza kushika chaki. Ugumu wake ulikuwa mmoja: nyumba ya familia haikuwa tayari, kwa hiyo mpaka mwaka wa masomo uishe angelala kule siku za kazi na kurudi mwisho wa wiki, na watoto wawili wangebaki na baba yao. Siku alipomweleza mumewe, mume alikuwa akifunga viatu huku simu ya kazi ameibana kwa bega. Alisema, "Hongera sana, Mwalimu. Kubali. Mimi nipo." Kisha akaiambia simu kwamba anakuja.

 Mwalimu alimwomba kitu kimoja tu, kwamba siku ya kupeleka jibu amsindikize, na jibu lilitakiwa kabla ya saa sita mchana. Fundi Sikio alikubali upesi, kwa kuwa ofisi ile ilikuwa ghorofa ya sita ya jengo ambalo lifti yake aliihudumia mwenyewe. Moyoni alihesabu kwamba atakuwa ameua ndege wawili kwa jiwe moja, ingawa hilo hakulitamka mbele ya mkewe.

Asubuhi hiyo walivaa vizuri. Mwalimu alikuwa na gauni la buluu na kilemba cha rangi hiyo hiyo, na Fundi Sikio alikuwa na shati ambalo halijawahi kuona grisi. Mlinzi wa mlangoni alimwamkia Fundi Sikio kwa jina la mkuu, akawafungulia lifti yeye mwenyewe. Milango ilipokutana, Fundi Sikio alisikia kitu. Ulikuwa mkwaruzo mdogo kutoka juu, kama wa ukucha kwenye bati, na aliutambua mara moja, maana wiki iliyopita alikuja hapa kwa ajili yake. Kitasa cha mlango wa ghorofa ya nne kilikuwa kimechakaa, na lifti ikihisi mlango mmoja haujafungwa husimama palepale. Alikisugua kwa msasa kwa haraka kwa sababu alikuwa akisubiriwa kwingine, akasema atarudi kukibadilisha. Bi Grisi alimwambia kitasa kipya anacho kwenye begi, akifunge hata leo. Alimjibu asubiri mpaka yeye awepo.

 Sasa akajiambia kwamba hakitaharibika leo, na lifti ikaanza kupanda.

Ilipita ya pili. Ilipita ya tatu. Kisha ikashtuka, ikasimama, na taa ya kuonyesha ghorofa ikabaki imeganda kwenye tatu. Mkewe alimwangalia. Yeye aliangalia mlango. Alibonyeza kitufe cha kengele kama abiria mwingine yeyote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akagundua kwamba kitufe kile, ukiwa upande huu wa mlango, kinakufanya ujisikie mdogo.

Haukupita muda, simu ya kazi ikalia. Alikuwa karani wa ofisini, anasema mkuu samahani, kuna watu wamekwama jengo la elimu, uko wapi?

"Niko hapo hapo," alisema Fundi Sikio.

Karani alishukuru Mungu, akasema mkuu kweli una miguu ya upepo.

"Nasema niko hapo. Ndani. Waliokwama ni mimi."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayejikohoza ili asicheke. Mwalimu hakujisumbua kukohoa. Alicheka waziwazi, mkono mdomoni, mpaka akaegemea ukuta, na Fundi Sikio, ambaye damu ilikuwa imeanza kumchemka, alijikuta naye anatabasamu bila kupenda. Kwao kicheko kilikuwa kimeadimika siku nyingi.

Bi Grisi alikuwa jengo la jirani, akafika mbio. Alipanda ngazi hadi chumba cha mashine, akampigia mkuu wake kumjulisha kwamba yuko juu. Kilichotakiwa kilikuwa kuzima umeme, kulegeza breki kidogo kidogo, na kuzungusha gurudumu la mashine kwa mkono mpaka lifti ishuke usawa wa ghorofa ya tatu. Alikuwa ameifanya kazi hiyo mara nyingi. Lakini Fundi Sikio alianza kumwelekeza tangu swichi. Alimuuliza kama amezima. Alimuuliza kama ana hakika. Alimwambia ashike breki hivi, asiishike vile, asikilize, asiende haraka, sasa mbona amenyamaza.

"Mkuu, samahani," alisema Bi Grisi, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Breki iko mkono huu na gurudumu liko mkono ule. Simu nimeibana kwa shingo na wewe umo sikioni, siisikii mashine. Naomba nikate."

"Usikate."

"Basi nitaendelea kukusikiliza, na mtakaa humo mpaka nimalize kukusikiliza. Chagua wewe."

Fundi Sikio alifungua mdomo. Mkewe alikuwa akimtazama kwa utulivu ule ule anaomtazamia mwanafunzi aliyesimama ubaoni na chaki. Mumewe alipiga moyo konde, akasema, "Kata," na simu ikakatika.

 Hakukuwa na injini, hakukuwa na feni, hakukuwa na mtu wa kumwelekeza. Fundi Sikio hakujua aiweke wapi mikono yake, akaiingiza mifukoni, akaitoa tena.

"Kuna jambo nilitaka kukwambia tukishafika juu," Mwalimu alisema. "Bora nikwambie hapa, huwezi kwenda popote. Mimi leo nimekuja kukataa."

Hakumwelewa. Alimuuliza kukataa nini.

"Ukuu wa shule. Nimekuja kuwaambia asante, lakini siwezi."

Yule aliyezoea kujua tatizo la mashine kabla ya salamu alisimama pale hajui hata swali la kwanza. Alisema lakini nilikwambia ukubali. Alisema lakini mimi nipo. Mwalimu alitikisa kichwa, bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana hasira angeijibu.

"Nimepiga hesabu kila upande, Baba Watoto, na kila upande inanirudia hivyo hivyo. Sina wasiwasi na kule shuleni, kazi ile naiweza. Nina wasiwasi na Jumatatu ya kwanza. Mdogo anatoka darasani saa ngapi?"

Fundi Sikio alifikiri. Alijua lifti ya benki hufungwa saa ngapi.

"Akikohoa usiku anapewa nini? Mkubwa ameacha kwenda kuogelea, unajua kwa nini? Unajua kwamba ameacha?"

Alitaka kusema ndiyo. Lilikuwa jepesi kusema, na kwa miaka mingi lilikuwa likimtoka bila gharama. Kisha aliona uso wa mkewe ulivyokuwa tayari kulipokea jibu hilo, umeshalikunja na kuliweka pamoja na mengine, na akaona aibu. Mke wake alikuwa karibu kuiacha kazi aliyoiota tangu ujana, na sababu ilikuwa yeye, mume mzima, anayelala nyumba moja naye.

"Sijui," alisema. "Hata kimoja. Nifundishe."

Simu ya kazi ikalia tena. Ilikuwa kampuni: mwenye jengo refu la benki anamtaka Fundi Sikio haraka, lifti yake moja imeanza kusuasua. Fundi Sikio aliisikiliza yote. Mkewe aligeuza uso akatazama ukuta, kama mtu asiyetaka kuona tena sinema aliyokwisha kuiona.

"Mpelekeeni Bi Grisi akimaliza hapa," alisema.

Karani alimkumbusha kwamba mteja amemtaja yeye kwa jina.

"Mteja anataka lifti ipande na kushuka. Bi Grisi anaipandisha na kuishusha."

Na ikiwa ni mlango je, karani aliuliza, kwa sauti ya mtu anayekanyaga nyaya za umeme.

"Na milango pia. Kuanzia leo anafunga na kuipitisha mwenyewe. Waambie na wengine. Na mwambie meneja kwamba watoto wakitoka shule, mimi siko kazini. Akitaka tuongee, tutaongea asubuhi, likizo zangu zote sijazichukua, anazo yeye." Aliirudisha simu mfukoni. Sauti yake ilikuwa imetulia, na yeye mwenyewe alishangaa ilivyotulia.

Mwalimu hakumrukia shingoni. Alikuwa mwalimu wa hesabu, hakuwa mtu wa kutoa alama kabla hajaona njia. Alisema maneno ya ndani ya lifti iliyokwama ni rahisi, mtu hana pa kwenda. Akasema mlango ukifunguka tu atamwona anavyopanda mbio chumba cha mashine kuona Bi Grisi amefanya nini. Fundi Sikio hakubisha, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeshaanza kupanga hivyo hivyo.

Lifti ikasogea, pole pole, chini. Hakuna mshtuko, hakuna kuruka. Ilishuka kama kikombe kinachowekwa mezani na mtu makini, ikatua, na mlinzi akafungua mlango kwa nje huku akiomba radhi kwa niaba ya jengo zima. Fundi Sikio alilazimika kukiri moyoni kwamba yeye mwenyewe asingeishusha kwa ulaini ule. Alikuwa na haraka mno siku zote.

Bi Grisi aliteremka ngazi, begi begani, jasho usoni. Alimsalimia Mwalimu kwanza, akampa pole, kisha akamgeukia mkuu wake. Alisema ni kitasa kile kile cha ghorofa ya nne, na kipya anacho hapa.

"Unakuja kuusikia mlango?" aliuliza.

Mafundi walikwisha zoea: baada ya swali hilo mkuu hukunja mikono ya shati. Fundi Sikio alihisi vidole vyake vinakwenda kwenye kifungo. Alijua sauti ambayo kitasa kile kingetoa kikikaa vizuri, aliweza kuiimba. Aliwaza roho za watu. Kisha akawaza kwamba roho mbili za watu zilikwama humu leo kwa sababu kitasa kizima kilishinda wiki nzima kwenye begi kikimsubiri yeye.

"Funga," alisema. "Ukiridhika wewe, irudishe kazini. Na samahani kwa wiki iliyopita."

Bi Grisi alimtazama kama aliyetaka kuuliza kama ana homa. Halafu akavuta begi lake juu ya bega na kwenda zake ghorofa ya nne, na hatua zake zilikuwa nzito na za haraka, za mtu mwenye kazi yake.

Wao wakashika ngazi. Fundi Sikio, ambaye alipandisha na kushusha mji mzima, alikuwa hoi kabla ya ghorofa ya tano, ikabidi mkewe amsubiri mara mbili. Katika kusubiri huko alimfundisha. Mdogo anatoka mapema kuliko dada yake. Akikohoa apewe maji ya uvuguvugu kwanza, na asiachwe na fulana yenye jasho. Usimwambie akue, hapendi, anajua kwamba ni mfupi. Mkubwa aliacha kuogelea kwa sababu kocha alibadilishwa, na ukimuuliza moja kwa moja hatakwambia. Kaa naye jikoni, menya kitu, atasema mwenyewe. Fundi Sikio alirudia kila jambo kwa sauti, akihema, na alipokosea mkewe alimsahihisha, naye akarudia upya. Walipopita ghorofa ya nne mlango ulikuwa wazi na Bi Grisi amepiga magoti, bisibisi mdomoni. Hawakusimama.

Ofisa wa elimu alikuwa mzee mwenye miwani iliyoteremkia puani. Aliwakaribisha, akawapa viti, akasema alisikia kwamba lifti imewatesa. Kisha akaondoa karatasi zilizokuwa mbele yake, akamuuliza Mwalimu amekuja na jibu gani.

 Mumewe hakumgusa mkono, hakumwangalia kwa kumsihi, hakusema mimi nipo. Alikaa tu, shati limemganda mgongoni, anavuta pumzi. Alikuwa na hofu ya kweli kwamba ngazi mbili tatu haziwezi kulipa miaka, na alijua kwamba mkewe akikataa atakuwa na haki.

"Nakubali," Mwalimu alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa kwa furaha. Aliuliza, kwa kuwa lazima aulize, watoto atawaacha na nani.

"Wana baba," alisema Mwalimu, akavuta kiti karibu na meza ili asaini.

Mambo ya kusaini yalikuwa mengi, na baada yake kulikuwa na maelezo, na baada ya maelezo kulikuwa na watu wa kujulishwa. Mwalimu alimtupia mumewe jicho, kisha saa ya ukutani. Fundi Sikio aliaga, akateremka ngazi kwa mguu mosi mguu pili, na nje akaelekea shuleni. Alifika kabla ya kengele. Wazazi wengine walikuwa wamesimama kando ya ukuta wanapiga soga, wanajuana, na yeye alisimama nao kama mgeni kwenye harusi asiyejua ni upande wa bwana au wa bibi. Hata hivyo alisimama wima. Alikuwa amefika, na hakuna aliyemwita mara mbili.

Kengele ikalia, watoto wakamwagika. Mwalimu wa zamu alimsimamisha langoni, akamuuliza kwa adabu yeye ni nani na amemfuata nani. Alijitambulisha. Mwalimu wa zamu alisema samahani, hamjui, itabidi mtoto mwenyewe amtambue, ndiyo utaratibu. Fundi Sikio alisema ni utaratibu mzuri. Alisema hivyo kwa dhati.

Mdogo aliletwa ameshikwa mkono. Aliulizwa kama anamjua mtu huyu.

"Ni baba," alisema mtoto. Kisha uso wake ukabadilika, mdomo ukaanza kucheza, na akauliza kwa sauti ndogo, "Mama amepatwa na nini?"

"Mama mzima. Ana furaha sana leo."

"Dada?"

"Dada yuko darasani."

"Sasa kwa nini umekuja wewe?"

Wazazi waliokuwa karibu walijifanya hamnazo, wakatazama simu zao. Fundi Sikio alichuchumaa mpaka macho yao yakawa usawa mmoja. Suruali yake nzuri iligusa vumbi, na hakujali.

"Hakuna aliyeumwa," alisema. "Hakuna kibaya. Nimekuja kukuchukua tu. Na kesho nitakuja."

Mtoto alimtazama. Alitazama nyuma yake, kuona kama kuna mtu mwingine aliyekuja naye. Alimtazama tena, kwa muda mrefu, kama mtu anayefikiria jambo kubwa. Halafu akavua mkoba mgongoni, akampa ambebee.